Picha bora kutoka Pemba: Nini maana ya utayari wa vifaa vya utangazaji kwa mwananchi

Na Mwandishi Wetu, Pemba

TAREHE 12 Januari 2025, kilele cha maadhimisho ya miaka 61 ya Mapinduzi ya Zanzibar kilifanyika katika Uwanja wa Gombani, Chake Chake. Siku iliyofuata, katika uwanja huohuo, timu ya taifa ya Zanzibar, Zanzibar Heroes, iliifunga Burkina Faso mabao 2-1 na kutwaa Kombe la Mapinduzi. Kwa siku mbili mfululizo Kisiwa cha Pemba kilikuwa kitovu cha habari za Zanzibar, na idadi kubwa ya waliofuatilia matukio hayo hawakuwa viwanjani bali mbele ya televisheni na simu zao.

Matukio ya aina hiyo yanazidi kuongezeka. Mwezi Agosti 2025 Uwanja wa New Amaan Complex, Unguja, ulikuwa miongoni mwa viwanja vya mashindano ya CHAN, na Tanzania pamoja na Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON 2027. Kadiri wageni na vyombo vya habari vya nje vinavyoitazama Zanzibar, ndivyo mahitaji ya picha bora kutoka Unguja na Pemba yanavyokua.

Kwa sababu hiyo, maneno "HD", "Full HD" na "4K" yamekuwa ya kawaida katika matangazo ya vifaa, katika zabuni na hata katika mazungumzo ya barazani. Hata hivyo, maana yake haifahamiki kwa wengi. Wapo wanaodhani kuwa kununua kamera mpya kunatosha. Wapo pia wanaohofia kwamba mabadiliko ya ubora wa picha yatawalazimu kununua televisheni nyengine. Makala hii inaeleza viwango hivyo ni vipi, kituo cha utangazaji huwa tayari kwa maana gani, na kwa nini jambo hili linamgusa mkaazi wa Micheweni, Wete, Chake Chake au Mkoani hata kama hana nia ya kubadilisha televisheni yake leo.

Kutoka mistari 576 hadi 1080

Picha ya televisheni hujengwa kwa nukta ndogo ndogo zilizopangwa katika mistari ya mlalo. Katika kiwango cha kawaida kilichotumika kwa miaka mingi katika nchi zetu, picha moja ya dijitali huwa na mistari 576 inayoonekana, na kila mstari una nukta 720. Hesabu hiyo inatoa nukta 414,720 kwa picha moja.

Viwango vya ubora wa juu huanzia mistari 720 yenye nukta 1,280 kila mmoja, sawa na nukta 921,600. Kiwango kinachofuata ni cha mistari 1,080 yenye nukta 1,920, ambacho hutoa nukta 2,073,600. Hii ina maana kwamba picha moja ya kiwango hicho hubeba taarifa mara tano ya picha ya kawaida. Sifa zake za msingi zimewekwa katika pendekezo la BT.709 la Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU), ambalo toleo lake la kwanza lilipitishwa mwaka 1990.

Idadi ya nukta, hata hivyo, ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili ni namna picha zinavyofuatana. Katika mfumo wa zamani kamera hutoa picha nusu-nusu: kwanza mistari ya witiri, kisha mistari ya shufwa, na jicho la mtazamaji huziunganisha. Kwa njia hiyo sekunde moja hubeba nusu-picha 50, sawa na picha kamili 25. Utaratibu huu ulibuniwa enzi za televisheni za kioo kizito ili kuokoa nafasi katika masafa, na ulirithiwa na awamu ya kwanza ya HD. Katika mfumo mpya kamera hutoa picha kamili 50 kwa kila sekunde, kila moja ikiwa na mistari yake yote 1,080. Wataalamu hukiita kiwango hiki 1080p50, na ndicho kinachokusudiwa katika makala hii kila inapotajwa HD ya daraja la juu.

Tofauti baina ya mifumo hiyo miwili haionekani sana pale msomaji wa taarifa ya habari anapokuwa ameketi mezani. Huonekana pale mchezaji anapokimbia na mpira, ngalawa inapokata mawimbi, au fahali anapomgeukia mchezaji katika mchezo wa ng'ombe. Nusu-picha mbili zilizonaswa kwa nyakati tofauti zikiunganishwa, kingo za kitu kinachokwenda kasi huonekana kama meno ya kitana. Aidha, televisheni bapa za leo huonesha picha kamili kwa asili yake. Zikipokea nusu-picha hulazimika kukisia mistari inayokosekana, na ubora wa makisio hayo hutegemea ubora wa televisheni yenyewe.

Umoja wa Watangazaji wa Ulaya uliainisha mifumo minne ya HD kwa ajili ya uzalishaji wa vipindi, na 1080p50 ndiyo ya juu kabisa miongoni mwake. Sababu si uzuri wa picha pekee. Picha kamili hubanwa kwa urahisi zaidi na mitambo ya kisasa, hivyo ongezeko la mzigo wakati wa kurusha huwa dogo kuliko idadi ya nukta inavyoashiria.

Funzo la mwaka 1973

Zanzibar si ngeni katika uamuzi wa aina hii. Televisheni Zanzibar ilipoanza mwaka 1973, nchi jirani zilikuwa zimetangulia: Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, yote yakiwa ya picha nyeusi na nyeupe. Njia nyepesi ingekuwa kununua mitambo ya aina hiyo, iliyokwishazoeleka na yenye gharama ndogo. Zanzibar ilichagua kuanza moja kwa moja na rangi, na kituo chake kinatambulika kuwa cha mwanzo cha televisheni ya rangi katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara. Afrika Kusini ilizindua huduma yake ya taifa ya televisheni mwaka 1976, na Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990.

Uamuzi ule una funzo la kiufundi na la kiuchumi. Nchi inayochelewa kuanza hailazimiki kupita katika kila hatua waliyopita wengine. Inaweza kuingia katika kiwango kinachodumu. Swali lililopo sasa mbele ya kila anayepanga ununuzi wa vifaa vya utangazaji ni hilohilo: Je, kamera inayonunuliwa leo ilingane na kiwango kinachorushwa leo, au na kiwango kitakachohitajika katika uhai wote wa kamera hiyo?

Jibu linalotolewa na uzoefu wa vituo vingi ni kwamba uzalishaji utangulie urushaji. Kuna sababu mbili. Kwanza, picha iliyopigwa kwa kiwango cha juu na baadaye kushushwa hadi kiwango cha kawaida huwa safi kuliko ile iliyopigwa kwa kiwango cha kawaida tangu mwanzo. Hivyo hata mwenye televisheni ya zamani hufaidika. Pili, mtambo wa kurushia matangazo unaweza kubadilishwa mwakani, lakini tukio lililokwishapigwa haliwezi kurudiwa. Kilichokosekana katika kamera hakipatikani tena, na mashine za kukuza picha hukisia tu.

Safari ya picha kutoka kamera hadi sebuleni

Jahazi haliingizi maji kwa sababu mbao zake zote zimeoza. Ubao mmoja unatosha. Ndivyo ilivyo kwa picha ya televisheni. Ubora unaofika nyumbani ni ule unaoruhusiwa na kifaa dhaifu kuliko vyote vilivyomo njiani. Kwa hiyo utayari wa kituo hupimwa kwa kufuata safari nzima ya picha.

Hatua ya kwanza ni kamera na lenzi yake. Kamera inaweza kuwa na alama ya HD lakini ikawa inatoa nusu-picha pekee, au ikatoa picha kamili 25 tu kwa sekunde. Lenzi nayo ina kiwango chake. Lenzi iliyotengenezwa kwa kamera za mistari 576 ikifungwa kwenye kamera ya mistari 1,080 hutoa picha yenye ukungu pembezoni, na fedha iliyotumika kwa kamera hupotea kwa kiasi hicho.

Hatua ya pili ni kebo na viunganishi, eneo ambalo mara nyingi husahauliwa katika bajeti. Ishara ya picha ya kawaida ndani ya kituo husafiri kwa kasi ya megabiti 270 kwa sekunde. HD ya awali huhitaji gigabiti 1.485, na 1080p50 huhitaji gigabiti 2.97, sawa na mara 11 ya ile ya kawaida. Kebo ya shaba iliyozoea kufikisha ishara ya kawaida umbali wa mita 300 inaweza kushindwa kufikisha ishara hii mpya hata mita 100. Ikishindwa haififii polepole kama ilivyokuwa zama za analojia. Picha huganda au hutoweka kabisa. Uwanja wa mpira una urefu wa takriban mita 100, na kebo haipiti katikati ya nyasi bali huzunguka. Kwa matangazo ya moja kwa moja kutoka uwanja kama wa Gombani, maana yake ni kwamba kamera ya upande wa mbali huhitaji mkonga wa nyuzi za kioo au njia nyengine inayofaa.

Hatua ya tatu ni chumba cha kuongozea matangazo, penye mashine ya kuchagulia na kuchanganyia picha, mashine ya kuandikia majina na maelezo, na skrini za kuangalizia. Vyote hivi ni lazima vizungumze lugha moja. Mashine isiyopokea 1080p50 hulazimisha kamera zote zishushwe hadi kiwango chake. Skrini ya kuangalizia iliyo duni ni hatari zaidi, kwa kuwa mwongozaji haoni kosa ambalo mtazamaji mwenye televisheni nzuri ataliona.

Hatua ya nne ni uhariri na hifadhi. Saa moja ya picha ya kawaida iliyorekodiwa kwa megabiti 25 kwa sekunde huchukua gigabaiti 11.25. HD iliyorekodiwa kwa megabiti 50 huchukua gigabaiti 22.5, na 1080p50 kwa megabiti 100 huchukua gigabaiti 45. Kamera nane zikirekodi tukio la saa mbili kwa kiwango hicho cha mwisho, jumla ni gigabaiti 720 kwa siku moja. Kituo kilichonunua kamera bila kununua seva kitajikuta kinafuta tukio la jana ili kupata nafasi ya tukio la leo.

Hatua ya tano ni kiungo kati ya Pemba na Unguja. Matangazo ya moja kwa moja yanaweza kusafiri yakiwa yamebanwa kwa kati ya megabiti 15 na 30 kwa sekunde na bado yakabaki na ubora mzuri, ili mradi kasi hiyo iwe ya uhakika na isiyoyumba. Mafaili yaliyorekodiwa ni mzigo mwengine. Gigabaiti 45 kupitia njia ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua saa nzima. Kupitia njia ya gigabiti moja huchukua dakika sita. Mpiga picha wa Pemba anapowahi taarifa ya habari ya usiku, tofauti hiyo ndiyo huamua kama habari yake itaonekana usiku huo au kesho yake.

Masafa na mgawanyo wake

Hatua ya sita ni urushaji. Kwa mujibu wa makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliyosimamiwa na ITU, tarehe 17 Juni 2015 ilikuwa ukomo wa ulinzi wa kimataifa kwa matangazo ya televisheni ya analojia katika sehemu kubwa ya masafa yaliyohusika. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Disemba 2012. Mwaka 2010 nchi za SADC zilikuwa zimekubaliana kutumia mfumo wa DVB-T2 kwa televisheni ya dijitali ya minara.

Wananchi wengi waliuelewa uhamaji ule kuwa ni kuhamia HD. Hayo ni mambo mawili tofauti. Dijitali ni njia ya kusafirishia. HD ni ubora wa kinachosafirishwa. Barabara ya lami hupitisha gari jipya na gari bovu vilevile.

Katika DVB-T2, mkondo mmoja wa masafa wenye upana wa megahezi 8 hubeba takriban megabiti 30 hadi 40 kwa sekunde, kulingana na ulivyopangwa. Chaneli moja ya ubora wa kawaida iliyobanwa kwa mfumo wa MPEG-4 huhitaji kiasi cha megabiti 2, na chaneli ya HD huhitaji kiasi cha 6 hadi 8. Kwa hesabu hiyo mkondo uleule unaweza kubeba chaneli zipatazo 15 za kawaida au nne hadi tano za HD. Kila anayeomba HD, kwa hiyo, anaomba sehemu ya nafasi ambayo chaneli nyengine zingeitumia. Hapa ndipo palipo na sera: chaneli zipi zipewe kipaumbele, na kwa faida ya nani.

Mazingira ya Pemba

Vifaa vilivyoundwa kwa studio kavu za Ulaya na Asia hukutana na hali nyengine vinapofika kisiwani. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na hewa yake ina unyevu na chumvi ya bahari. Unyevu huotesha kuvu ndani ya lenzi, na chumvi hula viunganishi vya chuma. Katika picha ya mistari 576 doa dogo la kuvu linaweza kupita bila kuonekana; katika picha ya mistari 1,080 huonekana. Makabati yanayokausha hewa, vifuko vya kufyonza unyevu na utaratibu wa kusafisha vifaa kila vinaporudi kutoka ufukweni ni sehemu ya utayari sawasawa na kamera yenyewe.

Umeme nao una historia yake. Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndipo kisiwa kilipounganishwa na gridi ya taifa kwa kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Tanga. Hatua hiyo ilibadilisha maisha ya wananchi na mazingira ya kazi za utangazaji pia. Hata hivyo, seva na mashine za kuchanganyia picha haziwezi kuvumilia hata sekunde moja ya kukatika au kupanda ghafla kwa umeme. Betri za dharura, vidhibiti vya umeme na jenereta la akiba bado ni mahitaji ya lazima.

Jengine ni umbali wa fundi. Kifaa kikiharibika Dar es Salaam, fundi au kipuri huweza kupatikana siku hiyohiyo. Kikiharibika Wete au Konde, kuna safari ya boti au ndege baina yake na matengenezo. Ndiyo maana wataalamu hushauri kwamba mkataba wa ununuzi wa vifaa vya Pemba ujumuishe vipuri vinavyobaki kisiwani na mafunzo kwa mafundi walioko kisiwani.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Msomaji anaweza kuuliza kama picha safi ni hitaji au ni anasa. Mfano wa kwanza ni wa mwananchi mwenye ulemavu wa kusikia. Mkalimani wa lugha ya alama huonekana katika kisanduku kidogo kwenye kona ya skrini. Katika picha ya kawaida kisanduku hicho hupata sehemu ndogo mno ya nukta, kiasi kwamba vidole na mdomo wa mkalimani havifafanuki vizuri. Katika HD ya daraja la juu, yenye picha kamili 50 kwa sekunde, mkono unaokwenda haraka husomeka. Kwa mtazamaji huyo ubora wa picha ni sawa na ubora wa sauti kwa wengine.

Mfano wa pili ni maandishi. Ramani ya tahadhari ya upepo mkali kwa wavuvi, jedwali la bei elekezi ya karafuu au maelekezo ya afya wakati wa maradhi ya mripuko huwa na faida pale tu yanaposomeka.

Mfano wa tatu ni kumbukumbu. Uchumaji wa karafuu, ngoma ya msewe, mchezo wa ng'ombe, magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini, popo wakubwa wa Pemba wanaolindwa Kidike na Msitu wa Ngezi ni mambo ambayo vizazi vijavyo vitayatafuta katika maktaba ya picha. Wazee wanaojua hatua za ngoma au majina ya vyombo vya baharini hawasubiri bajeti. Kipindi kitakachorekodiwa mwaka huu kwa mistari 576 kitabaki na mistari 576 milele. Atakayekitazama mwaka 2050 ataona Pemba kupitia uamuzi uliofanywa sasa.

Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013 kwa kuziunganisha Televisheni Zanzibar na Sauti ya Tanzania Zanzibar, lilirithi pia dhima hii ya kumbukumbu ya taifa. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, na Pemba ina zaidi ya nusu milioni miongoni mwao. Haitakuwa haki historia ya sehemu hiyo ya wananchi ihifadhiwe kwa ubora pungufu kwa sababu tu bahari imewatenganisha na makao makuu.

Namna ya kupima utayari

Utayari hauthibitishwi kwa orodha ya vifaa vilivyonunuliwa. Huthibitishwa kwa majaribio. Yafuatayo ni mambo sita ambayo kituo chochote, cha umma au cha binafsi, kinapaswa kuyajibu kabla ya kutangaza kuwa kiko tayari:

1. Je, kamera, lenzi na mashine ya kuchanganyia picha zote zinafanya kazi kwa 1080p50 zikiwa zimeunganishwa pamoja, na si kila moja peke yake?

2. Je, kila kebo imepimwa kwa urefu itakaotumika, hasa kwa matangazo ya nje ya studio?

3. Je, hifadhi inatosha kwa miezi 12 ya uzalishaji, pamoja na nakala ya pili inayowekwa jengo au kisiwa chengine?

4. Je, kiungo cha Pemba na Unguja kimejaribiwa kwa saa nyingi mfululizo, ikiwemo siku ya mvua kubwa?

5. Je, wapiga picha, wahariri, mafundi wa taa, wapambaji wa studio na wasanii wa vipodozi wamepata mafunzo? HD huonesha ufa wa ukuta na jasho la msomaji habari kwa uwazi uleule inavyoonesha uzuri wa Vumawimbi.

6. Je, gharama za matengenezo, vipuri na leseni za programu za kompyuta zimewekwa katika bajeti ya kila mwaka, na si katika bajeti ya ununuzi pekee?

Jambo la sita ndilo linalogusa fedha za umma moja kwa moja. Wahenga walisema rahisi ghali. Kamera ya bei nafuu isiyopokelewa na mashine nyengine humlazimu mnunuzi kununua mara ya pili. Vilevile, kukimbilia 4K kabla ya wakati kuna hasara yake. Kiwango hicho kina nukta 8,294,400 kwa picha, mara nne ya HD kamili, na huhitaji hifadhi, kebo na mashine za uwezo mkubwa zaidi katika kila hatua. Kwa kituo kinachojenga uwezo, 1080p50 iliyokamilika kuanzia kamera hadi hifadhi ina faida kuliko kamera mbili za 4K zilizounganishwa na mitambo isiyozimudu. Picha safi ya 1080p50 inaweza kukuzwa baadaye kwa televisheni za 4K na bado ikapendeza.

Majibu kwa maswali ya wananchi

Je, nitalazimika kununua televisheni mpya? Hapana. Kupanda kwa ubora wa uzalishaji hakuzimi televisheni yoyote. Matangazo yanayoendelea kurushwa kwa kiwango cha kawaida yataonekana kama kawaida, tena yakiwa safi zaidi kwa sababu chanzo chake ni bora.

Nina televisheni ya HD. Mbona picha si ya HD? Kagua waya unaounganisha king'amuzi na televisheni. Nyaya tatu za rangi nyekundu, nyeupe na njano hupitisha picha ya kawaida tu, hata king'amuzi kikiwa cha HD. Tumia waya wa HDMI, kisha ingia katika mipangilio ya king'amuzi na uchague 1080. Iwapo chaneli yenyewe hairushwi kwa HD, king'amuzi hakiwezi kuongeza kisichokuwemo.

Alama za "HD Ready" na "Full HD" zina tofauti gani? "HD Ready" inaashiria kuwa televisheni ina angalau mistari 720. "Full HD" inaashiria mistari 1,080 yenye nukta 1,920. Mnunuzi asome namba hizo badala ya kutegemea stika iliyobandikwa mbele.

Picha ikiganda na kukatika, je, ni kasoro ya HD? Mara nyingi sababu ni antena: imegeuka, kebo yake imeingia maji, au mti umekua mbele yake. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na nyumba mbili za shehia moja zinaweza kupata ishara tofauti. Kuinua antena mita chache au kuielekeza upya kwenye mnara hutatua matatizo mengi bila gharama.

Nani anasimamia ubora wa huduma hizi? Tume ya Utangazaji Zanzibar ndiyo yenye jukumu la kusimamia sekta ya utangazaji Zanzibar. Mwananchi anayeona huduma imeshuka anashauriwa kuanza kwa mtoa huduma wake, akieleza siku, saa, chaneli na shehia anayoishi, na asiporidhika apeleke malalamiko yake kwa Tume. Maelezo kamili ya aina hiyo humwezesha fundi kutambua kama tatizo ni la nyumba moja, la bonde moja au la mtambo mzima.

Wananchi wanakumbushwa pia kuwa wanayo haki ya kuuliza, kila vinapotangazwa vifaa vipya vya utangazaji, si tu vimegharimu kiasi gani, bali vinafanya kazi kwa kiwango gani, vimejaribiwa wapi, na nani atavitunza.